Saratani ya mapafu ya mama imefika kwenye utando wa ubongo, hivi kidonge kinafika huko kweli?

MwanaTanga:

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Naomba mnisome mpaka mwisho maana hata sijui nianzie wapi.

Mama yangu ana miaka 58, sigara hajawahi kuigusa maisha yake yote, moshi anaoujua ni wa kuni tu jikoni. Mwaka juzi akaanza kikohozi kisichoisha, hospitali ya kwanza wakasema TB japo makohozi yalipimwa mara mbili na hayakuonyesha kitu, akameza dawa za TB miezi sita na bado anakonda tu. Tulipomleta Dar ndo siti skani ikaonyesha uvimbe pafu la kulia, wakachukua kinyama, jibu likaja saratani. Namshukuru sana yule daktari alisisitiza kinyama kipimwe na jeni, tukachangishana kikapelekwa nje ya nchi, jibu likarudi EGFR ipo, yaani jeni iliyobadilika inayoikuza saratani, kwenye karatasi imeandikwa eksoni 19.

Akaanzishiwa gefitinibu, dawa ya kuizuia hiyo EGFR, kidonge kimoja kwa siku, na wallahi sikuamini, wiki tatu kikohozi kimekata, akarudi Muheza kwenye machungwa yake, akacheza kwenye harusi ya mdogo wangu kama hajawahi kuumwa. Miezi 14 tukajisahau kabisa.

Sasa mwezi uliopita akaanza kuumwa kichwa kila akiamka, anatapika ghafla bila hata kichefuchefu, anaona watu wawili wawili mpaka akitaka kusoma meseji anafumba jicho moja, na mguu wa kushoto anauburuta. Wiki mbili zilizopita usiku akapata degedege, tukamkimbiza hospitali ya karibu wakampa fenitoini na mpaka leo anaimeza. MRI ikasema ubongo wenyewe hauna uvimbe mkubwa ila utando unaofunika ubongo umewaka sehemu nyingi, mpaka chini kwenye uti wa mgongo. Daktari anasema ni ileile saratani ya mapafu imeingia kwenye utando na kwenye yale maji yanayozunguka ubongo. Anataka aache gefitinibu aanze osimertinibu, ameandika miligramu 160 kwa siku, yaani vidonge viwili vya 80.

Familia imegawanyika. Mjomba anasema tumrudishe nyumbani apumzike, ikishafika kichwani hamna dawa, tutauza shamba bure. Dada yangu anataka achomwe mionzi kichwa kizima. Mi nimebaki katikati. Maswali yangu: hicho kidonge kinafika kichwani kweli au tunapewa moyo tu? Kwanini vidonge viwili wakati nimesoma kawaida ni kimoja? Na kuna mtu humu mgonjwa wake alipata hii hali akapata nafuu? Mama tumemwambia ni presha ndo inamsumbua kichwa, hajui.

Nyota_ya_Pwani:

Pole sana dada, machozi yamenitoka. Sina ujuzi wa haya mambo ila nawaombea. Kuna jirani yetu alitumia majani ya mstafeli akachemsha asubuhi na jioni, mnaweza kumjaribishia mama huku mnasubiri hiyo dawa.

Dokta_wa_Zamu:

Dada pole sana. Mi ni daktari, niko mafunzoni kwenye saratani, siwezi kumtibu mama humu jukwaani ila naweza kukueleza kinachoendelea ili ukikaa na daktari wake ujue cha kumuuliza.

Kwanza hilo la TB limetokea kwa wengi mno huku kwetu. Kikohozi, jasho la usiku, kukonda, kivuli kwenye eksirei, vyote vinafanana, na TB ndo tunayoiona kila siku. Anayemeza dawa za TB mwezi wa pili hapati nafuu na makohozi hayana kitu, achunguzwe upya, asisubiri miezi sita iishe.

Sasa kichwa. Mishipa ya damu ya ubongo haiko kama ya mkono au tumbo, seli zake zimebanana hazina upenyo, halafu zina pampu ambazo dawa ikiingia zinairudisha kwenye damu. Gefitinibu inapenya kidogo sana. Ndo maana mama kifua kilitulia miezi yote hiyo huku seli chache zilizofika kwenye maji ya ubongo zikawa zinaongezeka kimyakimya, maana dawa kule haikuwa inafika ya kutosha. Kwa wagonjwa wenye EGFR hili la utando tunaliona zaidi kuliko kwa wenye saratani ya mapafu ya kawaida, na sababu mojawapo ni kwamba siku hizi wanaishi muda mrefu, ugonjwa unapata nafasi ya kufika huko.

Osimertinibu inapenya vizuri zaidi, zile pampu haziitoi kirahisi. Na haya si maneno ya kumpa mtu moyo. Kuna utafiti unaitwa BLOOM, ulichapishwa 2020, walichukua wagonjwa 41 wenye hali hiihii ya mama, EGFR na utando umeshikwa, wote walikuwa wameshatumia vidonge vya aina ya gefitinibu vikachoka, wakapewa 160 kwa siku. Zaidi ya nusu, asilimia 62, picha za utando zilionyesha ugonjwa umerudi nyuma. Na waliokuja na matatizo ya mishipa ya fahamu, kama macho na miguu, zaidi ya nusu yao walipata nafuu walipopimwa. Nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 11. Najua ukisoma miezi 11 moyo unashtuka, lakini bila matibabu yoyote hii hali ilikuwa inahesabiwa kwa wiki, nne mpaka sita.

Kwa hiyo mjomba namuelewa kabisa, alichosema kilikuwa kweli miaka 15 iliyopita. Kwa mgonjwa mwenye EGFR leo sio kweli tena. Ila na wewe usiambiwe anapona. Haponi. Anapata muda, na muda wenyewe mara nyingi ni wa kukaa, kula, kuongea, sio wa kulala tu kitandani.

Kuhusu 80 na 160: dozi ya kawaida ni 80. Hiyo 160 ilijaribiwa kwa utando ili dawa nyingi zaidi ifike kwenye maji. Baadaye Korea Kusini wakajaribu 80 tu kwa wagonjwa wa utando na matokeo yakawa mazuri pia. Ndo maana unaweza kukuta daktari mmoja anaandika 160 na mwingine 80 na kila mmoja ana hoja yake. 160 inakuja na kuharisha zaidi, ngozi zaidi, na gharama mara mbili. Muulize daktari wake, kama hela inatosha mwezi mmoja wa 160 au miezi miwili ya 80 atachagua nini kwa mama? Hilo ni swali halali, usione aibu kuliuliza.

Mionzi ya kichwa kizima kwa hali hii haijaonyesha kuongeza maisha, na inachosha na kupunguza kumbukumbu. Tunaitumia sehemu fulani ikiuma sana au neva imebanwa. Kuna mionzi ya protoni ya ubongo na uti wa mgongo wote, Marekani imeonyesha matokeo mazuri, lakini mashine hiyo hapa kwetu hatuna.

Uliza pia kama walipima maji ya mgongo. Wengi wanaogopa kutobolewa mgongoni wakidhani mtu atapooza, sindano inaingia chini ya pale uti unapoishia. Kipimo cha kwanza kinaweza kukosa seli za saratani kwa karibu nusu ya wagonjwa hata kama zipo, kwa hiyo jibu la kwanza likija safi sio kwamba hamna ugonjwa. Ila kwa mama aliye na EGFR inayojulikana, dalili zote hizo na MRI ya namna hiyo, mimi nisingechelewesha dawa kusubiri maji.

Na kama kichwa kinazidi, anasinzia sinzia, haeleweki, usisubiri kliniki. Maji yanaweza kuwa yamejaa kichwani, kuna mrija wanaweka madaktari wa upasuaji wa ubongo, pale MOI, taasisi ya mifupa na ubongo ya Muhimbili, wanaifanya kazi hiyo siku zote.

Mfamasia_Arusha:

Dada MwanaTanga naomba SIMAMA hapo kwenye FENITOINI kabla hujasoma kingine chochote.

Dokta kaeleza vizuri sana, mi nashika kipande changu cha dawa. Fenitoini inaliamsha ini lifanye kazi ya kusaga dawa kwa kasi kuliko kawaida, na osimertinibu ni mojawapo ya dawa zinazosagwa na njia hiyohiyo. Maana yake mtauza shamba mnunue dawa, mama ameze kila siku kwa uaminifu, halafu ini liisage kabla haijafika popote. Walipima kwa rifampisini, ile dawa ya TB ambayo nayo inafanya hivyohivyo, kiasi cha osimertinibu kwenye damu kilishuka kwa asilimia 78. Katika 100 unabaki na 22. Na hizo 22 ndo zitafute njia ya kupenya ubongoni.

Karbamazepini hivyohivyo, fenobabitoni nayo ni kundi moja. Hizi ndo dawa za degedege zinazopatikana kila kituo cha afya kwa hiyo mgonjwa wa namna hii akidondoka usiku karibu lazima apewe mojawapo, na aliyempa hana kosa, alikuwa anaokoa maisha usiku huo na hakujua kuna osimertinibu inakuja.

USIMUACHISHE MWENYEWE. Fenitoini ikikatwa ghafla degedege inaweza kurudi mbaya kuliko ya kwanza. Mpigie daktari wa saratani leo, usisubiri tarehe ya kliniki, mwambie mama yuko kwenye fenitoini na muulize kama anaweza kuhamishiwa levetirasetamu, wengi wanaijua kwa jina la Keppra, hiyo haigombani na osimertinibu. Kuhama kunafanywa taratibu, moja inapanda nyingine inashuka. Na ujue hata fenitoini ikishaisha ini linaendelea na ile kasi kama wiki tatu hivi ndo linatulia, daktari atalihesabia hilo kwenye dozi. Levetirasetamu inaweza kumfanya mtu awe na hasira za ghafla au huzuni, mkiona mama kabadilika tabia semeni, msinyamaze mkadhani ni ugonjwa.

Nakaribia kusema hiki ndo kitu kikubwa kuliko vyote kwenye uzi huu. Nimeona kwa macho yangu mgonjwa analetwa anasema dawa ya gharama imeshindwa, tukifungua mfuko wa dawa zake tunakuta fenitoini humo. Kwa hiyo kila mkienda hospitali bebeni mfuko wote, mpaka dawa za sukari, mpaka za kununua dukani, umwageni mezani.

Nyota_ya_Pwani najua umesema kwa upendo. Lakini mstafeli, unga wa mizizi, chupa za waganga, humo ndani hatujui kuna nini na ini la mama sasa hivi ndo geti ambalo dawa yake inapita. Chai ya tangawizi anywe, uji anywe. Hizo nyingine ziacheni.

Mengine ya haraka haraka. Osimertinibu inamezwa muda uleule kila siku, na chakula au bila chakula. Akisahau, kama dozi inayofuata iko zaidi ya saa 12 mbele ameze, kama iko karibu aruke, asifidie kwa kuongeza. Akishindwa kumeza (na kwa hali hii inatokea, koo linachelewa), kidonge kisipondwe, kiwekwe kwenye nusu glasi ya maji safi ya kawaida kama mililita 60, yasiwe soda wala maji ya gesi, koroga mpaka kisambae, hakiyeyuki chote kabisa, anywe hapohapo, halafu suuza glasi na maji mengine anywe tena ili hamna kinachobaki chini. Kama ana mpira wa puani inapita pia, hapo muulizeni nesi.

Kabla ya kuanza apimwe moyo, ECG na eko kama inawezekana, maana inaweza kuchelewesha umeme wa moyo au kudhoofisha msukumo. Na kikohozi kipya au kubanwa pumzi akiwa kwenye dawa hii ni DHARURA, si kila mara ni saratani, dawa yenyewe kwa wachache inaleta uvimbe kwenye mapafu na inabidi isimamishwe.

MwanaTanga:

Nimetetemeka kusoma kuhusu fenitoini. Tulitaka kuanza kesho dawa ikishafika. Nimempigia daktari sasa hivi kaniambia hakuwa na taarifa maana ile dawa alipewa hospitali nyingine na sisi hatukumwambia, tukajua ni ya degedege tu haihusiani na saratani. Kesho asubuhi anamuona mama. Mfamasia Mungu akulipe, sijui niseme nini.

BabaWawili_Nrb:

Dadangu pole sana. Nimekaa na hii simu saa nzima nikiandika na kufuta.

Mke wangu alikuwa mwalimu wa darasa la tatu hapa Nairobi. Yeye ya kwake ilikuwa EGFR lakini ile ingine inaitwa L858R. Naye hakuwa mvutaji. Utando ulishikwa akiwa na miaka 46, alianza kwa kutosikia vizuri sikio moja, tukadhani ni nta, kisha akaanza kuanguka anguka bafuni. Akapewa hiyo 160 kama mamako. Siku ya kumi na mbili, naikumbuka kwa sababu ilikuwa Jumapili, aliamka akaniuliza mbona umewasha redio kwa sauti hivyo. Redio ilikuwa pale pale ilipokuwa siku zote. Nilitoka nje nikalia kando ya tangi la maji.

Alikaa miezi 13. Nakuambia ukweli wote, si 13 mizuri yote. Ya kwanza miwili ilikuwa ya kupanda, saba ilikuwa mizuri kabisa, alirudi kusahihisha madaftari, si kufundisha, kusahihisha tu walimu wenzake wakimletea nyumbani. Kisha dawa ikaanza kuchoka. Tukaenda India, huko walimwekea pemetreksedi moja kwa moja kwenye maji ya mgongo kwa sindano, pamoja na foliki na vitamini B12, ikamshikilia miezi michache tena. Hiyo ni dawa ya kemo ya kawaida lakini ikiwekwa kule ni kazi ya watu walioizoea, usikubali afanye mtu ambaye anajaribu.

Kuhusu dawa, osimertinibu ya kampuni yenyewe, Tagrisso, hatungeweza. Tulitumia ya Bangladesh. Nchi zilizowekwa kwenye kundi la maendeleo duni ziliruhusiwa na Shirika la Biashara Duniani zisifungwe na hataza za dawa mpaka 2033, ndio maana viwanda vyao vinaitengeneza kwa bei ya chini sana. Lakini usinunue kwa mtu wa WhatsApp. Sisi daktari aliandika barua, tukapata kibali cha kuingiza cha mgonjwa mmoja kupitia Bodi ya Famasia na Sumu, kwenu nafikiri ni TMDA. Ilichukua muda lakini nilijua anachomeza mke wangu ni dawa.

Jambo ambalo ningependa ulisikie ni hilo la presha. Sisi pia tulificha. Nilimwambia mke wangu ni maji yamejaa sikioni, watoto nikawaambia mama amechoka. Miezi minne nikiishi uongo nyumbani kwangu, nikienda kuongea na daktari koridoni, nikificha ripoti ndani ya gari. Alipojua, hakulia kwa ugonjwa, alilia kwa hiyo miezi minne. Aliniambia kuna barua angetaka kuwaandikia watoto akiwa mkono wake bado una nguvu, na alipoanza kuandika mkono ulikuwa umeanza kutetemeka. Aliandika mbili badala ya zile alizotaka. Mtoto wangu mkubwa anatembea na yake kwenye mkoba wa shule mpaka leo.

Sikuambii ufanye nini na mamako, kila nyumba na watu wake. Lakini mtu anayemeza dawa ya namna hiyo na kuvumilia kuharisha na kucha kuuma anastahili kujua anavumilia nini.

Kibibi_Maskati:

Naomba niulize hapahapa samahani dada sitaki kukuharibia uzi. Kaka yangu yupo nami huku Maskati, yeye wamesema sio EGFR ni ALK, jeni nyingine, na MRI imeonyesha vidoa kwenye utando. Anatumia alektinibu vidonge vinne asubuhi vinne jioni. Na yeye hii osimertinibu itamfaa?

Dokta_wa_Zamu:

Dada Kibibi hapana, osimertinibu ni ya EGFR, kwa ALK haitafanya kitu. Ufunguo mwingine mlango mwingine. Ila ALK ina dawa zake zinazofika ubongoni vizuri sana, alektinibu yenyewe inafika, hivyo vidonge vinne mara mbili ndo dozi kamili, 600 asubuhi na 600 jioni, na imezwe na chakula. Ikichoka kuna lorlatinibu, 100 mara moja kwa siku, ilitengenezwa makusudi ipenye ubongo. Mkihamia huko mjiandae kwa mafuta ya damu kupanda, kuvimba miguu, na mabadiliko ya akili, mtu anakuwa mwepesi wa hasira au anasahau maneno, mara nyingi dozi ikipunguzwa anarudi sawa.

Na lile onyo la Mfamasia kwa lorlatinibu ni kubwa zaidi. Waliwapa watu 12 wenye afya zao lorlatinibu juu ya rifampisini, 10 kati yao ini likaumia vibaya. Kwa hiyo dawa za TB au za degedege zile alizotaja, kaka yako asiguse bila daktari wake kujua.

Mjukuu_wa_Mzee:

Mi nauliza tu, wale ambao kinyama hakijapimwa jeni wafanye nini? Baba yangu yuko Mwanza ameambiwa saratani ya mapafu moja kwa moja kemo, hakuna aliyetaja EGFR.

Mfamasia_Arusha:

Kaka, muulize daktari kama kinyama bado kipo maabara, huwa wanakihifadhi kwenye nta, kinaweza kupelekwa kupimwa bila kumtoboa mzee upya. Kama hakitoshi kuna kipimo cha damu kinachotafuta jeni hizohizo. Si kila mtu atakutwa nayo, ila asiyepimwa hatajua. Na erlotinibu, ndugu wa gefitinibu, Shirika la Afya Duniani iliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2019, kwa hiyo sio kitu cha matajiri tu kukitaja mbele ya daktari.

MwanaTanga:

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, ni wiki ya sita leo.

Daktari alimhamisha mama kwenye Keppra taratibu kama siku kumi, na osimertinibu akaianza hukohuko bila kusubiri, 160. Degedege haijarudi. Deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, walimpa mwanzoni kwa ajili ya kichwa, sukari ikapanda mpaka 17 ikabidi apewe insulini kwa muda, sasa hivi wameishusha deksa kidogokidogo na sukari imerudi kawaida. Wiki mbili za kwanza hamna kitu kabisa, nilikuwa nalala chini pembeni ya kitanda chake nasikiliza anavyopumua. Wiki ya tatu kutapika kukaacha. Kichwa kikabaki cha asubuhi kidogo. Wiki iliyopita nimemkuta sebuleni anasoma meseji za kikundi cha kanga, macho yote mawili wazi. Nikamuuliza mama unaona ngapi ngapi, akasema moja moja, kwani wewe unaona ngapi.

Mguu bado anauburuta. Daktari kasema neva zinachelewa na huenda usirudi wote, mazoezi anafanyishwa mara mbili kwa wiki. MRI ni mwezi ujao, na wamesema kama pesa itabana watashuka 80, tumeshakubaliana. Shamba halijauzwa, mjomba ndo kachangia mwezi wa kwanza, alikuja mwenyewe na bahasha baada ya kumsomea majibu yenu sebuleni kwa sauti.

Baba Wawili, kuhusu kumwambia. Nilikaa naye nikaanza, mama ile presha tuliyokwambia. Akaninyamazisha. Akasema kidonge changu kilikuwa kimoja sasa viwili, na rangi nyingine, na mnanifungulia nyinyi boksi mnatoa karatasi ya ndani mnaficha, mnadhani mimi sijui kuhesabu. Alikuwa anajua siku zote na alikuwa ananyamaza ili sisi tusiumie. Tumelia wote wawili. Kesho yake akaniambia nimletee daftari, anataka kuandika mipaka ya shamba na nani anamdai nani kule Muheza, ameshajaza kurasa sita.

Sasa swali jipya, vidole vya miguu pembeni ya kucha vimevimba vyekundu, gumba la kulia linatoa maji, viatu havivaliki. Hii ni dawa au sukari?

Mfamasia_Arusha:

Alhamdulillah dada, nimefurahi mpaka nimemsomea mke wangu. Kucha ni dawa, lakini kwa sababu sukari yake ilishapanda asidharau, akaonyeshe hilo gumba wiki hii, likiwa na usaha anahitaji antibayotiki. Akitaka kuandikiwa ya kumeza waambieni yuko kwenye osimertinibu, baadhi ya antibayotiki zinagusa umeme wa moyo.

BabaWawili_Nrb:

Dadangu nimesoma hiyo ya kuhesabu vidonge mara tatu.

Kucha za mke wangu zilikuwa hivyo hivyo. Tulikuwa tunachanganya siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, vidole vinakaa humo dakika 15 kila jioni, kisha unakausha polepole kwa kitambaa laini, usisugue. Kucha ukate moja kwa moja, usichimbe pembeni. Viatu vya wazi. Nilikuwa nazikata mimi, Jumamosi, yeye ameweka mguu kwenye goti langu na madaftari yake juu ya meza. Lile beseni bado ninalo.